Siku tisa za mvuke: mkunga wa Pangani nchini Meksiko

Ijumaa, jijini Oaxaca

Nimefika usiku, miguu imevimba kama ya mwenye mimba ya miezi tisa. Dar hadi Istanbul, Istanbul hadi Mexico City, halafu karibu saa saba za basi kwenye milima isiyokwisha. Shoga yangu, tuliyesoma naye Morogoro na ambaye sasa anafundisha lugha hapa, amenipokea stendi na mtandio mzito mkononi. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mimi ni mtu wa pwani. Baridi imenipiga hadi kwenye meno.

Dereva wa teksi aliuliza nimekuja kufanya nini. Shoga alimjibu kwa Kihispania, kisha akanitafsiria alichosema: "Amekuja kuoga."

Kweli ndivyo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga wa jadi Pangani. Aliwakanda wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, kwa maji ya moto na majani, akawafunga tumbo kwa mkaja, akawafukiza, akawaweka ndani siku arobaini. Mimi mjukuu wake nikasomea ukunga, nikavaa sare nyeupe, na kwa miaka 19 nimewaambia wanawake zahanati waachane na mambo ya kukandwa. Mengine niliyowakataza yalikuwa ya haki. Mwanamke aliyepasuliwa hakandwi tumbo, na maji ya kuunguza ni maji ya kuunguza hata yakichemshwa na bibi. Lakini niliwakataza yote kwa pamoja, na bibi akafa bila mimi kumuuliza lolote. Shoga aliponitumia sauti kwenye simu akinisimulia wanawake wa huku na nyumba zao za mvuke, nilisikiliza mara nne, kisha nikaanza kuweka akiba.

Jumamosi

Nimelala mpaka adhuhuri. Jioni tumekunywa tejate sokoni, kinywaji cha mahindi na kakao ambacho wanawake hukikoroga kwa mkono mzima ndani ya jungu kubwa hadi povu jeupe lipande juu. Ni baridi na kina harufu ya ua. Nilikunywa vibuyu viwili.

Jumapili, soko la Tlacolula

Kila Jumapili watu wa bonde zima hushukia Tlacolula. Kina mama wamevaa aproni za maua, nywele zimesukwa mikia miwili na utepe ndani yake, na kuku wanabebwa miguu juu kichwa chini kama kwetu Makorora. Oktoba inakaribia kwisha, kwa hiyo soko limejaa maua ya manjano ya kuwapokea marehemu tarehe 1 na 2 Novemba.

Nilivutwa na harufu. Mama mmoja alikuwa ameketi chini na mafungu ya vipande vya utomvu, vyeupe na vya rangi ya asali, na mbele yake chetezo cha udongo kinafuka moshi. Nasema chetezo kwa sababu hakina jina jingine kwangu: kikombe chenye mguu, makaa ndani, moshi juu. Nikauliza unaitwaje utomvu ule. Akasema *copal*.

Nilisimama pale muda mrefu. Kopal! Karne ya 19 watu wa Mrima, pwani yetu ya bara, walichimba ardhini utomvu wa kale wa mti wa msandarusi, wakaupeleka Zanzibar, na merikebu zikaubeba hadi Salem, Marekani, ukatengenezewe vanishi. Sisi tuliuita sandarusi. Wanunuzi wakauita kopal, neno walilolitoa huku huku, kwenye lugha ya Kinahuatl, *copalli*. Miti si mmoja. Wa hapa ni wa jamii ya manemane, wetu ni mwingine kabisa. Lakini jina la hapa lilikwenda kukaa juu ya mali ya kwetu, na mimi nimezaliwa maili chache kutoka mahali ilipochimbwa bila kujua kwamba jina lake la sokoni lilitoka kwa mama kama huyu.

Nimenunua fungu moja. Aliniongeza kipande, akakipuliza kwanza.

Jumatatu, Teotitlán del Valle

Kijiji hiki cha Wazapoteki kiko kama kilomita 30 mashariki ya jiji, na kinajulikana kwa mazulia ya sufi. Kila ua una kitanda cha mfumi. Kwenye ua mmojawapo, nyuma ya mafungu ya sufi nyekundu iliyotiwa rangi ya kidudu cha dungusi kakati, kuna kijumba cha matofali ya udongo kisichofika kifuani kwangu. Mlango wake ni wa kuingia kwa magoti. Hiyo ndiyo temazcal, neno la Kinahuatl pia, maana yake nyumba ya kuogea kwa mvuke.

Mwenye nyumba ni mwanamke wa makamo ya bibi yangu alipofariki. Jina lake siliandiki, na hapa nitamwita Bi Mkubwa, maana ndivyo ningemwita kwetu. Nilipomwona nilijikuta nimeinama kidogo na mdomo umetoka "shikamoo" wenyewe. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kunijibu kwa Kizapoteki. Shoga hajui Kizapoteki, kwa hiyo hakuna aliyetafsiri, na hapakuwa na haja.

Nilidhani nitaoga leo. Badala yake nimekaa kwenye kigoda kuanzia asubuhi hadi jioni nikimtazama anavyofanya kazi, na ninashukuru. Moto unawashwa muda wa saa tatu kabla ya kuoga. Mawe ni ya volkano, yamechaguliwa moja moja. Jiwe la mtoni halifai, kwa kuwa lina unyevu ndani na hupasuka likipata moto. Mawe haya wao huyaita bibi, na kila linapoingizwa ndani hutiwa kipande cha kopal.

Mchana alikuja mgeni wa Ulaya, mwanamume, ameshalipa kupitia kwa mwenye nyumba ya wageni. Bi Mkubwa akamkalisha. Umekula saa ngapi? Jana ulikunywa pombe? Una ugonjwa wa moyo? Kisha akamshika kifundo cha mkono, akafumba macho, akahamisha vidole juu kidogo, akasikiliza tena. Nilijua anachokitafuta, kwani nami nimekitafuta kwenye mikono ya maelfu. Akamwambia haingii. Mgeni akabisha kwa adabu. Bi Mkubwa akaingia ndani, akatoka na pesa yake yote, akamwekea mkononi na kumfunga vidole.

Kwa miaka nilifundishwa kwamba wanawake hawa hawana kipimo. Leo nimeona kipimo.

Jumanne

Leo nimeoga.

Niliambiwa nivue hereni, kwa kuwa chuma hushika moto haraka kuliko ngozi. Nikajifunga shuka, nikaingia kwa magoti, nikasoma Bismillahi. Ndani ni giza la tumboni. Sakafu ina mkeka wa majani uliotandikwa juu ya matawi mabichi, mawe yako pembeni ndani ya shimo, yanang'aa wekundu kwa mbali. Bi Mkubwa akaingia nyuma yangu na kushusha blanketi mlangoni.

Kata ya kwanza ya maji iliyomwagwa juu ya mawe ilitoa sauti kama kitambaa kirefu kinachochanwa. Maji hayo si matupu. Yamechemshiwa majani, na nilitambua mrehani mara moja. Mvuke hupanda juu, hugeuka, hushuka mgongoni. Mwaka 2020 tulipokuwa tunapiga nyungu nyumba nzima, mchaichai na majani ya mlimao chini ya blanketi, nilidhani najua mvuke. Nyungu ni ya uso. Hii ilinishika hadi kwenye magoti.

Niliishiwa pumzi. Nikaanza kutapatapa, nikiwaza presha yangu, nikiwaza mlango. Akanigusa bega na kunisukuma polepole hadi nikalala shavu chini. Chini kuna hewa ya baridi. Ndiyo maana mkeka umetandikwa matawi: unalalia harufu na unavuta pumzi kutoka ardhini. Kisha akachukua fungu la matawi, akalipunga darini kuteka joto, akalileta juu ya kiuno changu na kuliegemeza pale. Hakupiga, aliegemeza tu. Kiuno, mapaja, nyayo, tena kiuno. Kila mara alijua joto liko wapi hewani na alilishusha mahali anapotaka, kama mtu anayeshusha ndoo.

Sikupangia kulia. Nililia kidogo, na jasho likaficha.

Ukitoka huruhusiwi kupigwa na upepo. Nilifungwa shuka mbili na blanketi, nikalazwa kwenye chumba kisicho na dirisha, nikapewa chai ya majani na kuambiwa nisioge maji ya baridi hadi kesho. Bibi yangu alikuwa anasema mzazi akipigwa upepo mifupa hufunguka. Nilikuwa namcheka.

Jumatano, jijini

Nimepumzika. Mwili mwepesi, ngozi kama ya mtoto.

Tumepita sokoni, na kwenye fulana nyingi kuna uso wa bibi mmoja mwembamba mwenye sigara. Ni María Sabina, Mmazateki wa Huautla de Jiménez, kaskazini mwa jimbo hili, aliyefariki mwaka 1985. Alikuwa akikesha na wagonjwa usiku kucha, akiimba, akitumia uyoga ambao kwao ni mtakatifu. Mwaka 1955 alimruhusu mgeni mmoja, mtu wa benki kutoka New York, ahudhurie kesha. Mwaka 1957 habari zikatoka kwenye gazeti kubwa la Marekani. Baada ya hapo wageni walimiminika kijijini, polisi wakafuata, nyumba yake ikachomwa moto, na yeye mwenyewe akalalamika kwamba tangu wageni waje nguvu ile ilianza kumtoka. Alikufa maskini. Uso wake unauzwa.

Kwa sababu hiyo kuna mambo ya Teotitlán ambayo nimeyaona na sitayaandika. Maneno anayoyasema Bi Mkubwa mlangoni kabla ya kuingia ni yake na ya waliomfundisha. Jina lake, vivyo hivyo.

Ya zamani yaliyokwisha andikwa naweza kuyasema. Bafu hizi zilikuwa na mlezi wake, mama mmoja wa kimungu aliyeitwa Toci, yaani bibi yetu, na wakunga walikuwa chini ya ulinzi wake. Kuna kitabu cha picha cha karne ya 16, kimehifadhiwa Florence, Italia, kinachoonyesha temazcal na uso wa kimungu umewekwa juu ya mlango. Mapadri wa Kihispania hawakuzipenda, wakazipiga marufuku. Ila bafu la nyuma ya nyumba, analoingia mwanamke aliyetoka kujifungua, nani atalilinda usiku na mchana? Likabaki.

Alhamisi, Capulálpam de Méndez

Tumepanda gari dogo la abiria kwenda Sierra Norte. Tulipita Guelatao, alipozaliwa Benito Juárez mwaka 1806, Mzapoteki aliyekuja kuwa rais wa Meksiko, halafu Ixtlán, halafu misonobari mitupu na ukungu. Capulálpam wana kituo cha tiba za asili ambako kuna wanawake wanaofanya *limpia*, neno la Kihispania lenye maana ya usafisho. Kwetu tungesema kuzinguliwa.

Niliogopa jambo moja. Nimeona wakipuliza mezcal mwilini mwa mgonjwa, na mimi sitaki pombe imwagwe juu yangu. Shoga alimweleza kwamba mimi ni Mwislamu. Mama yule hakushangaa wala hakukunja uso, akaiweka chupa chini na kuchukua maji ya majani. Yeye alipiga ishara ya msalaba, mimi nikasoma Al-Falaq, tukaanza.

Alinipitishia yai bichi, kutoka utosini kwenda chini, polepole, bila kuliinua. Shingoni alisimama. Halafu fungu la mrehani, ruda na matawi ya mti wanaouita pirul, akinipangusa nalo kwa nguvu hadi majani yakaanza kudondoka. Moshi wa kopal ukanizunguka. Akalivunja yai ndani ya glasi ya maji, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha na kulitazama kwa makini, kama ninavyolitazama kondo la nyuma kuhakikisha halikubaki kipande ndani.

Akauliza, "Ulishtuka lini?"

Kwao kuna ugonjwa wa mshtuko, *susto*. Mtu akishtuka sana sehemu ya roho yake hubaki pale aliposhtukia, na mwili huendelea bila kukamilika, unalala vibaya, unakula bila hamu. Nilitaka kusema sijashtuka. Badala yake nikamsimulia Shoga kwa Kiswahili, naye akiyageuza Kihispania huku sauti ikimtetemeka, habari za usiku mmoja miaka 11 iliyopita. Mama wa watoto watatu, damu isiyokata, gari la wagonjwa lililokuwa halina mafuta. Mikono yangu miwili ndani, hadi alfajiri. Nilioga, nikabadili sare, nikaingia zamu ya jioni kesho yake. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami sikumwambia mtu.

Mama yule aliuliza jina la mahali, kisha jina langu. Akainama karibu na ardhi na kuniita, jina langu hilohilo la kwetu, akilivuta kwa lafudhi yake. Mara tatu. Kila mara alingoja kidogo, kama unavyongoja mtu aliye mbali ageuke.

Sitasema nimepona, siwezi kusema kitu nisichokijua. Ninachojua ni kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniita kutoka pale.

Ijumaa, Teotitlán tena

Bi Mkubwa ameniita. Kuna mzazi, binti wa jirani yake, siku ya 12 tangu ajifungue salama, mtoto wa kike. Anamwogesha leo. Amesema, kwa kuwa mimi ni mkunga, nije kufanya kazi, si kutazama.

Joto la mzazi si joto nililopewa mimi. Mawe yalikuwa machache, maji kidogo kidogo, na Bi Mkubwa alimwuliza kila mara, "Unavumilia?" Mama mzazi wa binti alikaa mlangoni na kichanga. Mimi nilishika kata, nikapewa ishara ya kumwaga kwa kidole tu. Alimkanda miguu kwanza, akapanda mapajani, akafika kiunoni. Tumboni alipita kwa kiganja wazi, bila kukandamiza, akilisikiliza tumbo la uzazi limeshuka wapi. Nilitia mkono wangu baada ya wake. Palikuwa pameshuka vizuri kabisa.

Tulipotoka alilazwa juu ya mkeka kwa ajili ya kufungwa. Hufungwa kwa rebozo, kitambaa kirefu cha kufumwa ambacho kwao ni ushungi, ni mtandio, na ni mbeleko. Wanawake wawili hukaa huku na huku, kitambaa hupitishwa chini ya mwili, hukutanishwa juu, halafu kila mmoja huvuta upande wake: kichwani, mabegani, mbavuni, kiunoni, nyongani, magotini, nyayoni. Wanasema wakati wa kuzaa mwanamke hufunguka chote, na lazima wenzake wamfunge, hawezi kujifunga mwenyewe.

Nilikuwa nimeleta zawadi, doti moja ya kanga. Nikamkabidhi Bi Mkubwa. Akaipapasa, akaivuta kujaribu nguvu yake, akaikunja mara mbili kwa urefu. Tulipofika nyongani aliiweka rebozo kando na kuipitisha kanga chini ya binti. Akanipa ncha moja. Tukavuta pamoja, yeye upande wake na mimi wangu, mpaka binti akashusha pumzi ndefu iliyotoka mbali, na mikono yangu ikakumbuka. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Bibi alikuwa hana mtu wa kumshikia ncha ya pili ya mkaja, akaniita kutoka uani. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliwahi kuvuta.

Baadaye tulikunywa supu ya kuku wa kienyeji. Binti hatatoka nje hadi zitimie siku 40. Nilipowaambia kwetu nako ni arobaini, wanawake wote sebuleni walinitazama, kisha yule mama mzazi akasogea kwenye benchi ili nikae karibu naye.

Jumamosi, stendi ya Oaxaca

Basi linaondoka saa tatu usiku. Saa mbili nimepiga simu Pangani, ambako ni saa kumi na moja alfajiri. Nilijua shangazi atakuwa ameshaamka kuswali. Ndiye aliyebaki kati ya waliofanya kazi na bibi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nataka kukuuliza. Bibi alipokuwa akikanda wazazi, alichemsha majani gani?"

Kimya. Nilisikia jogoo wa kwetu.

"Leo ndiyo unauliza?"

"Nisamehe, shangazi."

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika. Mpera, lakini majani machanga. Kivumbasi. Mchaichai, ila huo unatiwa mwisho. Na si kila mzazi. Kwanza umtazame. Umeandika hapo, kwamba kwanza umtazame?"